Mgongo wa Mkono

Tangu ile Jumapili ya Mei, Nzomo alikuwa analiogopa gita lake mwenyewe, na hiyo ni aibu kubwa kwa mtu ambaye Shauri Moyo nzima ilimjua kwa gita. Siku za kazi alichonga twiga na vifaru vya watalii, na patasi ilikuwa imemkata mara nyingi asijali. Lakini Jumamosi jioni ilipofika, ujasiri wote ulimwishia. Kesho ni Majengo, kesho ni zamu yangu, alijiambia, na ugali ukamshinda.

Majengo ni kwenye hoteli ya Abukar. Kila Jumapili alasiri watu wakitoka kanisani, wapenzi wa jazi wa mitaa ya jirani walikutana katika chumba cha nyuma, mahali Abukar alipooshea vyombo. Hakuna aliyelipwa hata senti. Walikuwa makarani, madereva, watu wa viwandani, kila mmoja na gita lake la mkopo au la mkono wa tatu, na walikuwa na sheria moja: wimbo haulali. Mmoja huuanza, huuzungusha anavyojua, kisha humtupia mwenzake kwa kutikisa kichwa. Ukishindwa kuupokea, unaweka gita chini na kupewa kayamba mpaka mwezi uishe. Kayamba ni ala nzuri, hakuna anayebisha. Ila kwa mpiga gita ni kama mwanamume kutumwa arusini akawashike watoto mkono.

Jumapili ile ya Mei, Nzomo aliupokea wimbo vizuri, akasogeza mdomo kwenye maiki aimbe. Mdomo ulipogusa chuma, stima ikamshika. Vidole vilijifunga kwenye nyuzi vikakataa kufunguka. Alikuwa anasikia kila kitu: ampli, lile sanduku la kukuza sauti ya gita, ikinguruma, wenzake wakicheka kwa kudhani anawafanyia vituko. Hakuweza kusema hata “jamani”. Mpaka Mulama, mpiga besi ambaye ampli ilikuwa yake, alipoyaona macho yake akaung'oa waya.

Mulama aliipeleka ampli kwa fundi wa Gikomba, na fundi huyo alikuwa shemeji yake. Ikakaa siku mbili, ikarudi na habari kwamba haina ugonjwa wowote. Basi, mambo yakaisha. Nzomo angesema nini? Kwamba anaogopa? Kayamba ilikuwa inaning'inia pale ukutani ikimsubiri mtu.

Na kama hofu hiyo haikutosha, Ngigi akaanza mambo yake.

Ngigi alikuwa mtu wa Murang'a, mwendesha mashine katika kiwanda kimoja cha Baba Dogo, na ndiye pekee pale aliyeweza kumtoa Nzomo jasho. Nzomo akivumbua kitu kipya Jumapili hii, Jumapili ijayo Ngigi amekwisha kukijua na kukitia chumvi. Walikuwa wakishindana mpaka mashati yanaloa, halafu wanakula mandazi kwenye sahani moja. Lakini tangu ile ajali, kila zamu ya Nzomo ilipokaribia, Ngigi alivua kiatu cha kushoto na soksi yake, akakanyaga sakafu iliyolowa maji ya vyombo, akaja polepole na kugusa nyuzi za gita la Nzomo kwa mgongo wa mkono, kama mama anayempima mtoto homa. “Sawa,” alisema, akarudi kukaa. Mara mbili alipanda juu ya kreti na kuligeuza lile adapta. Chumba hakikuwa na soketi, kwa hiyo stima ya ampli waliivuta kwa adapta hilo kwenye tundu la balbu darini, na liliweza kuingia kwa upande wowote.

Mwanzoni Nzomo alidhani jamaa anamharibia tuni. Na kweli, akianza kupiga, uzi wa tatu alikuwa akiusikia umelegea, au labda yalikuwa ni masikio ya woga. Baadaye akaanza kuwaza mabaya zaidi. Kiatu kimoja tu. Mgongo wa mkono. Alikuwa mtu wa kanisa, hakutaka kulitaja neno dawa, lakini mkewe Kalekye alilitaja.

“Mtu mzima anavua kiatu kimoja akuguse gita? Baba Ndindi, huo si muziki. Wewe unawindwa.”

“Ngigi ni rafiki yangu.”

“Kikulacho ki nguoni mwako,” alisema Kalekye. “Uza hilo gita kabla halijaniletea ujane.”

Usiku ule Nzomo hakulala. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na huyu alikuwa akishtuka hata akiona kamba ya nguo. Hata hivyo, kulipopambazuka alikuwa amekata shauri. Gita hataliuza, na Ngigi hataligusa tena.

Jumapili hiyo ilinyesha. Maji yaliingia chini ya mlango, sakafu ikawa kama mto. Walipopumzika kunywa chai, chumba kilikuwa na giza, basi Abukar akachomoa adapta, akarudisha balbu ili watu waone vikombe. Chai ilipokwisha akaitoa balbu na kulirudisha adapta mahali pake. Hakuna aliyemwangalia. Dereva mmoja akaanza wimbo, akauzungusha, akamtikisia Nzomo kichwa.

Nzomo akasimama. Alilikumbatia gita kwa ubao wake, mbali na nyuzi. Ngigi alikuwa tayari ameinama anavua kiatu.

“Hebu nishike kidogo,” alisema Ngigi.

“Leo hushiki.”

“Nzomo, dakika moja tu.”

“Nimesema hushiki. Hiyo dawa yako peleka kwenu.”

Watu wakacheka. Ngigi hakucheka, na midomo yake ilikuwa imekauka. Nzomo akamgeuzia mgongo na kuushusha mkono kwenye nyuzi, na hapo mkono wa Ngigi ukapita chini ya kwapa lake ukatangulia kufika, mgongo mbele.

Kulisikika mlio mdogo tu, kama kijiti kinachovunjika. Ngigi aliruka nyuma akaangukia makreti ya soda, vikombe vikamwagika juu yake. Mulama alirukia adapta akaling'oa. Nzomo alibaki amesimama, mkono hewani, shibiri moja kutoka kwenye nyuzi.

Ngigi alikuwa mzima. Alikaa majini, amekumbatia mkono wa kushoto unaotetemeka.

“Leo imo,” alisema. “Geuzeni hiyo kitu. Ikiingia hivi ni salama, ikiingia vile, ampli yote ina stima.”

“Si ungesema?” aliuliza Mulama.

“Nilikuambia. Uliniambia nimemtukana shemeji yako.”

Nzomo alichuchumaa mbele ya Ngigi. “Na mimi je? Mimi mbona hukuniambia?”

“Ningesema mbele ya hawa, wangejua unaogopa. Wangekupa kayamba, na mimi nishindane na nani?” Ngigi alikwepa macho yake. “Huko kiwandani tunapima kwa mgongo wa mkono. Ukipima kwa kiganja inakushika, kwa mgongo inakutupa. Na ile siku ya Mei, Nzomo, mimi ndiye niliyekuwa karibu nawe. Niliona umekwama. Sikuinuka. Niliogopa.”

Mkono wa Nzomo ulioponea shibiri moja ulikuwa umekufa ganzi bila kuguswa na kitu.

Watu wenye akili wangefunga siku waende makwao. Hawa walikuwa wapiga gita. Mulama alipanda kwenye kreti, akaligeuza adapta, ampli ikanguruma tena. Ngigi akajikokota kusimama, mguu peku, anyooshe mkono kwa mara ya pili.

“Kaa chini,” Nzomo alimwambia.

Akavua kiatu chake mwenyewe, akavua na soksi. Saruji ilikuwa baridi mpaka gotini. Alimwaza Kalekye, akamwaza mtoto wao Ndindi, akatamani mlango. Hakuwahi kuogopa namna ile, hata siku aliyokwama, maana siku ile hakujua kinachokuja. Akaugeuza mkono, akaupeleka mgongo mbele, vidole vyake vikitetemeka waziwazi mbele ya watu wote, akagusa.

Nyuzi zilikuwa baridi.

“Sawa,” alisema.

Akaupokea wimbo, kiatu kimoja bado kando ya ukuta. Hakupiga vizuri, mara mbili alipotea, lakini wimbo haukulala. Alipofika mwisho akamtikisia Ngigi kichwa. Ngigi alijaribu kushika shingo ya gita lake, vidole vikamkatalia. Akaliweka chini, akaenda ukutani mwenyewe bila kutumwa, akaiangua kayamba.

“Mpaka mwezi uishe tu,” alimwambia Nzomo.