Gego la Mtunza Stoo

Saa tatu na robo asubuhi mtunza stoo wa kiwanda cha magodoro alilala kwenye kiti cha daktari wa meno, taulo ya karatasi kifuani. Gego lake la chini lilikuwa limevunjika hadi karibu na ufizi, na kipande kilichobaki kisingeweza kushika kofia ya jino bandia. Daktari alimweleza taratibu: leo atapunguza ufizi na kukwangua mfupa kidogo ili jino lichomoze; kidonda kikipona, atalichonga na kulivisha kofia.

"Lilivunjwa na nini, mama?"

"Nasaga meno usingizini. Mwaka wa tisa huu."

Alipokwisha kupigwa sindano ya ganzi, nesi, binti mtulivu aliyeanza kazi hapo mwezi uliopita, akashika bomba la kunyonya mate. Daktari akachana ufizi na kuukunja pembeni. Jino lilipopata hewa likasema, kwa sauti ya mtunza stoo mwenyewe, ila safi, bila ganzi:

"Mlango wa nyuma aliufunga meneja. Kufuli nilimpa mimi. Mlinzi hakuwa hata na ufunguo."

"Usitikise ulimi, mama," daktari alisema. Meno yaliyofunikwa muda mrefu husema. Mengi hulalamikia sukari.

Lakini bomba lilimponyoka nesi, likabaki sakafuni likinyonya vumbi. Karibu miaka tisa iliyopita moto wa kiwandani uliwaua washonaji kumi na mmoja nyuma ya mlango huo. Mahakamani ilisemwa mlinzi ndiye aliyeufunga kisha akaenda zake, naye akahukumiwa miaka thelathini. Mlinzi huyo alikuwa baba yake.

Nesi akainamia mdomo uliokuwa wazi. "Uliona kwa macho yako?" aliuliza. Aliliuliza jino, si mwanamke.

"Nilikuwa mdomoni," jino likajibu. "Mama huyu alitaka kusema hayo. Akaniuma mimi."

Mtunza stoo alikodolea dari macho. Machozi yalimtiririka hadi masikioni. Daktari akamaliza kukwangua mfupa, akashona nyuzi nne.

Kesho yake nesi alikwenda polisi. Ofisa wa zamu aliandika kila kitu bila kuinua uso, kisha akamwambia kwamba jino haliwezi kutia saini. Sharti mwenye mdomo aje mwenyewe. Nesi akaenda nyumbani kwa mtunza stoo, akamkuta uani akisukutua kwa maji ya chumvi.

"Mama, nakuomba. Ni sentensi moja tu."

"Mwanangu, mimi sijasema kitu. Limesema jino."

Wiki nane baadaye gego lilichongwa, na muda wote lilikuwa likitaja majina ya washonaji, moja baada ya jingine. Siku kofia ilipofika, lilianza upya. Nesi alishika bomba, akiyahesabu majina. Daktari akapaka saruji ya meno na kukandamiza kofia. Sauti ikakatika katikati ya jina la tisa.

Jumamosi nesi alimsimulia baba yake kupitia wavu wa chumba cha wageni gerezani. Mzee alisikiliza hadi mwisho, vidole vyake vikiwa vimeng'ang'ania wavu.

"Na mwenye jino je?" aliuliza. "Alisema nini?"

"Aliuliza kama sasa anaruhusiwa kutafuna karanga."