Mafundo Matatu ya Mpira

Katika nyumba ile fundi bomba hakuwahi kukanyaga kwa miaka thelathini, na wenyewe walijivunia jambo hilo. Marehemu mzee alitengeneza kila kitu kwa mkono wake na kwa dawa moja tu: mpira wa ndani wa gurudumu la baiskeli. Aliukata vipande vya upana wa kidole, akauvuta mpaka ukakonda, akauzungusha kwenye bomba lililotoboka na kumalizia kwa mafundo matatu. Kumwita fundi, kwake, ilikuwa sawa na kumwita jirani aje kuchungulia chunguni. Wageni walionyeshwa yale mafundo kama wengine wanavyoonyesha picha za harusi.

Alipofariki, mwanawe wa pekee alirithi kopo la vipande vya mpira, na kwa bahati mbaya akarithi pia imani yake. Mjane, ambaye mtaa mzima ulimwita Bi Cherehani, alirithi nyumba. Haukupita mwaka, nyumba ikaanza kutoka jasho.

Doa la unyevu lilianzia ukutani nyuma ya cherehani yake, dogo kama kisosi. Baada ya wiki mbili lilikuwa kama sinia. Vitambaa vya wateja vikanuka uvundo, na gauni moja la harusi likaota ukungu pindoni. Mwana akaja na kopo lake, akafunga mpira mpya kwenye bomba lililopita jikoni, ambalo lilikuwa kavu kabisa, kwa kuwa ndilo pekee aliloweza kuliona. Ukuta ukaendelea kulia.

"Mama, nyumba imekushinda," alisema aliporudi kuutazama. "Jumamosi nakuja na gari. Kile chumba cha nyuma ya jiko letu nimeshakisafisha. Utapumzika."

"Na cherehani?"

"Haitaingia pale. Tutampa mtu. Miaka sabini, mama, unamshonea nani?"

Bi Cherehani alimkata jicho. Hasira ilimpanda kutoka kwenye nyayo. Cherehani ile ndiyo iliyomlisha huyu huyu anayetaka kuigawa, ikamvisha na kumsomesha. Kumtia mtu kama yeye nyuma ya jiko la mkwe, mikono mapajani, akisubiri kuambiwa chai iko tayari, ilikuwa kumzika huku anapumua. Hakutaka, na hakuwa tayari kujifanya anataka. Lakini alijua pia kwamba kelele haizibi bomba. Akajikaza kisabuni, akamsindikiza mwanawe mpaka mlangoni.

Sasa, msimdharau mtu aliyeshona maisha yake yote. Anajua pa kutia kiraka na anajua pa kufumua. Kesho yake asubuhi alianza na koki ya jikoni, iliyokuwa ikidondosha hata ikifungwa. Akafunga maji, akaifungua kwa spana ya marehemu, akatoa kiraba kilicholika na kuweka kipya kutoka dukani. Kazi ya nusu saa, pamoja na kuitafuta miwani iliyokuwa kichwani mwake. Kisha akafungulia maji tena, akafunga koki zote za ndani, hata ile ya tangi la choo, akaenda kuchuchumaa uani mbele ya mita. Hakuna aliyekuwa akitumia maji, lakini mshale mwekundu ulikuwa unazunguka bila haya.

Akarudi chumbani akausemesha ukuta.

"Ninachokiona nitakitengeneza mwenyewe. Hicho ulichokificha kina wenyewe."

Akajaza ndoo zote, akafunga koki kuu, akampigia simu fundi bomba wa mtaa wa pili, yule waliyembandika jina la Taratibu kwa sababu hata chai aliinywa kama anaipima. Nafasi yake ya kwanza ilikuwa Jumamosi.

"Vizuri sana," alisema Bi Cherehani. "Na uje na patasi."

Jumamosi mwana aliingia uani na kamba za kufungia mizigo begani. Akaikuta cherehani nje, juani, mama yake ameketi mbele yake anashona, na ndani nyundo inagonga.

"Nani anabomoa?"

"Fundi."

"Fundi! Humu ndani?" Alijishika kichwa. "Mama, mwacha mila ni mtumwa! Baba angeyaona haya..."

"Mila gani, ya kufunga mpira?" Hakuinua hata macho. "Wahenga hao hao walisema mgeni njoo mwenyeji apone. Mgeni kaja. Niache nipone."

"Mama," Taratibu aliita kutoka ndani, "njoo uone."

Plasta ilikuwa imeondolewa kwa urefu wa mkono. Ndani ya ukuta lilipita bomba la chuma lililoliwa na kutu, na juu yake mpira uliooza, bado unachuruzika maji ya mwisho. Mafundo yalikuwa matatu. Mawili yalilalia kulia, la tatu kushoto.

Mwana akalisogelea lile la tatu. Yeye ndiye aliyetumia mkono wa kushoto katika nyumba ile. Siku hiyo alikuwa na miaka kumi. Baba yake alimpandisha juu ya stuli, akamwachia fundo la mwisho, kisha wote wawili wakapiga plasta juu yake na kutoka weupe kwa saruji, wakicheka.

"Mpira ni wa kukuvusha siku moja mpaka fundi afike," Taratibu alisema, akiifuta patasi. "Ukiufukia ukutani, umefungia mwizi ndani."

"Usiukate, mama. Fundi apitishe bomba pembeni."

Iliongea sauti ya yule wa miaka kumi, na Bi Cherehani ilimchoma. Alimpenda mume wake. Aliikumbuka saruji ile kwenye nyusi zake. Lakini mapenzi hayo hayakumtaka alowe.

"Baba yako aliniachia nyumba," alisema. "Hakuniachia mafundo."

Akavua mkasi uliokuwa ukining'inia shingoni, akaukata mpira. Maji ya kutu yakamwagikia kandambili zake. Lile fundo la kushoto akaliweka kwenye kiganja cha mwanawe.

"Hili lako. Ulilifunga vizuri. Halikufaa tu."

Taratibu alikata kipande kilichooza, akaunga bomba jipya, akazungusha utepe mweupe wa kuzuia kuvuja kwenye nyuzi za viungo na kukaza. Bi Cherehani akaenda mwenyewe kufungulia koki kuu. Wote watatu wakachuchumaa mbele ya mita kama wanaosubiri yai lianguliwe. Mshale ulitulia tuli. Fundi akaagiza tundu liachwe wazi siku mbili, waone viungo vimebaki vikavu, ndipo plasta irudi.

Mwana alibaki amesimama uani, kamba begani, fundo mkononi.

"Sasa, mama..."

"Sasa nini? Ulikuja kubeba, si ndiyo?" Alikuwa ameshakunja mikono ya gauni na kushika upande mmoja wa cherehani. "Haya, shika huko. Inarudi ndani, ukuta wa pili, karibu na dirisha. Na usiiburute."

Mwana akatua kamba chini, akashika.