Waliomla Jelle

Siku Jelle aliporudi kutoka kwa wafu, mdogo wake Warfa alikuwa amechuchumaa akimchomoa mbuzi mwiba kwatoni.

Ilikuwa adhuhuri, kiangazi cha mwaka 1967, na vita vya serikali na shifta, waasi wa porini, vilikuwa vimeingia mwaka wa nne. Wafugaji wa upande ule wa Garissa walikuwa wamekusanywa na askari wakatiwa ndani ya manyatta moja iliyozungushiwa miiba na seng'enge. Asubuhi wanahesabiwa, jioni wanahesabiwa. Katikati ya hapo wanaruhusiwa kuchunga, mwisho kwenye vigingi vilivyopakwa chokaa. Ng'ambo ya vigingi hakuna mtu, kuna shifta tu, na shifta anapigwa risasi bila kuulizwa jina la baba yake.

Jelle alitokea ng'ambo ya vigingi.

"Nabad, Warfa."

Warfa aliruka, na mbuzi akakimbia na mwiba wake. Kando ya kichaka alisimama mtu mrefu mwembamba, kilemba kimegeuka rangi ya udongo, viatu vya matairi kavibeba mkononi kwa sababu miguu imevimba.

"Rudi ulikotoka," Warfa alimwambia. "Wakikuona hapo wataniua na mimi."

"Ndivyo unavyomkaribisha kaka yako? Mtoto mbaya wewe. Nilikufundisha kukamua, ngamia akakupiga teke ukalia kama msichana, nikakuahidi sitamwambia mama. Sikumwambia. Yuko hai?"

Akavua kilemba. Sikio la kushoto lilikuwa nusu. Ngamia dume alilinyofoa Jelle akiwa mdogo, na hakuna mtu wa ukoo ule asiyejua habari ya sikio hilo.

Warfa aliketi mchangani. "Mama alikufa mwaka wa mafuriko," alisema. "Na wewe pia ulikufa."

Ndivyo watu wote walivyojua. Mwaka 1940, Mzungu wa wilaya alimtaka kila mzee wa ukoo atoe vijana wa kwenda kupigana na Mtaliano. Mzee Shurie alimficha mwanawe Olow porini, akamtoa Jelle, mtoto wa mjane jirani, badala yake. Jelle akaingia Keya, jeshi la Waingereza. Alipigana Abisinia, kisha akapelekwa pwani apande meli ya kwenda kupigana na Mjapani, na meli ile ikazama. Vita vilipokwisha, askari mmoja aliyerudi aliapa kwamba alimwona Jelle akiipanda. Wazee wakakaa siku nyingi, wakaamua kwamba aliyemtoa mtoto wa mwenzake ili wake apone ndiye aliyeua. Shurie akalipa dia, fidia ya damu.

"Niliipanda kweli," Jelle alisema. "Nikashikwa na homa wakanishusha kabla haijaondoka. Nilipotoka hospitali nasikia imezama na jina langu limo. Nikajiambia, basi, wacha nife. Nimechoka na hawa watu na vita vyao. Nikaenda Kismayu nikaendesha lori."

"Mama alilia mpaka macho yakamharibika."

 Jelle alikaa upande wake wa kigingi, akasugua miguu. "Shurie aliwalipa ngamia wangapi?"

"Mia. Dia kamili."

Jelle alicheka mpaka akakohoa. "Ngamia mia! Mimi? Hata soko la Wajir, na meno yangu yote kinywani, nisingefika kumi. Wako wapi? Niwaone wenzangu."

"Tuligawana ukoo mzima. Wakazaa, tukakunywa, tukaozesha, tukauza. Tulipoingizwa humu, waliobaki nje walipigwa risasi, na walioingia wakafa kwa kukosa majani. Nimebaki na majike watatu, na mmoja ni kipofu."

"Basi mmenila nikaisha."

"Na tulipewa msichana," Warfa akasema, kwa maana aliona ni afadhali amalize yote. "Kinsi, binti wa Shurie, wa kutuliza mioyo. Nilimwoa mimi."

Kicheko kikamkauka Jelle. "Alikuwa na umri gani?"

"Kumi na minne."

"Kwa ajili yangu."

"Kwa ajili yako."

 Warfa alianza kumsihi. Rudi Kismayu, walaal, ndugu yangu, rudi hata kesho, nitakuletea maziwa na maji hapa. Shurie amekufa, lakini Olow yuko Modogashe na ana wanaume nyuma yake. Akisikia u hai atadai ngamia wake mia na dada yake.

"Mtalipa polepole."

"Kwa kitu gani?"

"Warfa, nitazame. Miguu hii hairudi popote. Mke wangu amekufa, mwanangu Barre ni mtu mzima, yuko kwenye malori yake. Mimi nataka kulala nilikozaliwa. Jioni, saa ya kuhesabiwa, nitakuja langoni waziwazi, mikono juu. Wewe utasema neno moja tu, huyu ni wangu."

Neno moja lilitosha kweli. Sajini alikuwa ameshawatangazia: mgeni akija mwenyewe langoni, na mwenye nyumba akamdhamini, ataandikwa na kupewa kipande cha kitambulisho. Asiye na wa kumdhamini ni shifta.

Warfa alirudisha mbuzi mapema, akaenda moja kwa moja kwa Sugow. Huyu alikuwa binamu wa baba yake, adeer kwake, na ndiye mkubwa wa ukoo sasa. Sugow alisikiliza mpaka mwisho akisugua meno kwa mswaki, akatema.

"Huyo si Jelle."

"Adeer, nimeliona sikio."

"Ngamia wangapi wanang'ata watu masikio?"

"Ni Jelle, adeer."

"Sawa, ni Jelle. Alikuwa wapi yeye, mama yako alipokuwa akipapasa ukuta? Alikuwa Kismayu anakunywa chai! Leo kaishiwa na mke, kavimba miguu, ndiyo anakumbuka ana watu. Haya, mkaribishe. Olow atakuja na wazee wake, atasema nirudishieni mali yangu. Utampa yule kipofu? Akikosa ngamia atachukua damu, na atakuwa na haki. Hebu nihesabie nyumba humu ndani ambayo haikunywa maziwa ya ngamia wale. Moja tu."

Warfa alizihesabu kwa vidole, akaacha.

"Siwezi kuapa uongo," alisema.

"Nani kakwambia uape? Utaulizwa na askari, si na kadhi. Na huyo mtu tulishamlilia, tukamsomea, tukamaliza. Wewe kaa kimya tu, mengine tuachie sisi."

Jua lilipoinama, watu walipangwa mistari, wanaume huku, wanawake kule. Sajini alikuwa kijana wa kutoka chini, kama wanavyowaita huko watu wa nchi ya mashamba. Alikuwa amezika wenzake wanne wiki ile, lori lao lilikanyaga bomu, na tangu hapo hakuwa akinyoa ndevu.

Jelle akaja. Alivaa viatu vyake juu ya uvimbe, akatembea katikati ya barabara mikono juu. Alipofika hatua chache kutoka langoni alisimama wima, akagonga kisigino, akapiga saluti.

Askari wote wakainua bunduki.

"Nani alikufundisha saluti, mzee?" sajini akauliza.

"Keya, afande! Vita ya Hitla, afande!" Kiswahili chake kilikuwa kile cha kambini, kikavu, cha kupiga kelele.

"Vita vya Hitla? Mimi nilikuwa nanyonya." Askari wakacheka, yeye hakucheka. "Kwa hiyo unajua bunduki."

"Najua, afande."

"Na mabomu ya kufukia?"

Jelle alisita. Alikuwa mtu wa jeshi, aliulizwa na mkubwa, akajibu kweli. "Tulifundishwa kidogo, afande."

Sajini akatikisa kichwa polepole, kama mtu aliyekuwa akitafuta kitu siku nyingi akakiona mbele ya macho. "Kipande?"

"Sina, afande. Mimi ni wa hapa. Ndugu yangu huyu hapa, Warfa."

Sajini akageuka. "Mzee Warfa. Huyu ni ndugu yako?"

 Jelle alivua kilemba taratibu, akageuza kichwa ili mstari mzima wa wanaume uone sikio. Wazee waliocheza naye wakiwa watoto waliliona. Waliocheka siku lilipong'olewa waliliona. Kisha, mmoja baada ya mwingine, wakaanza kutazama vidole vya miguu yao.

"Nakuuliza wewe!" sajini akafoka.

"Afande, ndugu yangu alikufa," Sugow akaingilia, akiweka mkono kifuani. "Yaani ndugu yake huyu. Alikufa baharini. Tulikula dia yake. Uliza mutu yoyote hapa."

"Sikukuuliza wewe. Warfa!"

Jelle alisema kwa Kisomali, bila kupaza sauti, "Nitaje tu, walaal. Ngamia tutawatafuta pamoja. Nina nguvu bado."

Warfa aliwafikiria majike wake watatu. Alimfikiria Olow akiingia langoni na watu wake. Baadaye alijaribu kujiambia kwamba aliwafikiria pia watoto, lakini pale mstarini alifikiria ngamia, na ngamia tu.

"Abana, afande," alisema. "Mimi hajui huyu mutu."

Jelle aliendelea kumtazama, si kwa hasira, bali kama mtu anayengoja mwenzake amalize mzaha. Alipoona mzaha hauishi, akafunga kilemba chake tena, vizuri, akakaza pembe.

"Mnisikie nyote," akasema kwa Kisomali. "Mara ya kwanza mlinila na sikuwapo, nawasamehe. Leo mnanila nikiwaona. Nina mwana, anaitwa Barre, yuko Kismayu, na anajua niko wapi. Atakuja kuuliza."

"Anasema nini?" sajini akauliza.

"Anatukana serikali," Sugow akasema.

Walimpeleka nyuma ya tangi la maji. Zilisikika risasi tatu, kisha moja.

Kufika hapo Warfa alidhani imekwisha, aende kwake ajifunike. Haikuwa imekwisha. Maiti ililetwa na kulazwa langoni, na sajini akatoa amri ya siku zote: kila mwanaume apite, amteme shifta mate, ndipo aende nyumbani. Asiyetema ni mwenzake.

Sugow alitangulia, akatema mate mengi. Wengine wakafuata. Ilipofika zamu ya Warfa, aliinama, akakusanya mdomo, na hakukuwa na kitu. Ulimi ulikuwa umekauka kama gome. Alijaribu tena. Sajini alimsogelea, akamtazama usoni kwa muda mrefu, na pengine pale ndipo alipojua. Alifungua chupa yake ya maji kiunoni akampa.

"Kunywa, mzee," akasema kwa upole. "Usiwe na haraka. Kunywa, halafu uteme."

Warfa akanywa. Akatema.

Sikio lilikuwa limefunuka. Mate yalianguka pale.

Nyumbani alimkuta Kinsi ameketi nje na rundo la magome ya mgunga, na Nafiso, binti yao, amekaa mbele yake. Kwa ukoo wao mama ndiye anayesuka mikeka ya nyumba ya bintiye, na kazi huanza kwa kutafuna magome mpaka yalainike yawe nyuzi. Taya la Kinsi lilikuwa likienda. Midomo yake ilikuwa myekundu kwa utomvu.

Alikuwa kwenye mstari wa wanawake. Alisikia yote. Katika miaka ishirini na moja ya ndoa hakuwahi kumlaumu mumewe hata siku moja kwa jinsi alivyoletwa, na Warfa alikuwa amezoea kudhani kwamba alikwisha kusahau.

"Mikeka ya nini?" akamuuliza. "Hakuna aliyekuja kuposa."

Kinsi alitoa nyuzi mdomoni, akazikamua, akaziweka juu ya goti. "Mtu yule ana mwana."

"Kinsi."

"Mwana atakuja. Barabara zikifunguliwa atakuja na wazee wa Kismayu, na watu mia mbili waliokuwa langoni watamwambia nani alisema simjui. Watamwambia kwa haraka, Warfa, ili wasitajwe wao. Naye atadai dia. Una ngamia watatu." Akachukua gome jingine, akalivunja katikati. "Baba yangu alikuwa na mia, na bado haikutosha, nikaongezwa mimi."

"Mimi si Shurie," Warfa alisema.

"Hapana. Baba alimtoa mtoto wa jirani."

Warfa alitaka kuinua mkono ampige, mkono haukuinuka. Kule langoni askari walikuwa wamewasha moto wa chai, na Jelle alikuwa pale pale, kwa maana sajini alisema hazikwi mpaka kesho.

Nafiso alimtazama baba, akamtazama mama. Alikuwa na miaka kumi na minne na hakuwa ameelewa lolote ila kwamba ameitwa kufanya kazi. Kinsi akampa kipande cha gome.

"Tafuna," alimwambia. "Mwanzo ni chungu. Usiteme."

Msichana akatafuna.