Kilo za Lydia

Alhamisi ni siku ya kliniki pale Izia. Kina mama hufika mapema na kadi zao, na nesi Adela huwapima watoto mmoja mmoja kwenye mizani iliyoning'inizwa kwenye boriti. Isakwisa, muuza vifaa vya magari vya mitumba, alikuwa wa saba kwenye foleni. Mgongoni alibeba kiti cha mtoto cha gari. Hakuna aliyemshangaa. Walimwambia tu asogee, kiti chake kinawagonga watoto wa watu.

Kiti hicho Isakwisa ndiye aliyemuuzia Adela. Mwaka juzi gari la Adela liligonga mti, na binti yake Lydia akatoka ndani ya kiti bila hata mchubuko. Adela alimuuliza Isakwisa kama kiti kibadilishwe.

"Cha nini, Mama Lydia? Kizima hiki. Fua kitambaa, endelea nacho."

Akafua. Miezi miwili baadaye gari likapinduka kwenye kona ya barabara ya kwenda Kate, kiti kikapasuka vipande viwili, na Lydia, mwenye miaka miwili, akazikwa kesho yake. Isakwisa alikuja msibani, akala na kushiba.

Arobaini haijafika, Adela akakikuta kiti kilekile dukani kwa Isakwisa, aliyenunua mabaki ya gari. Kimeunganishwa kwa gundi, kimevalishwa kitambaa kipya cha bluu, kimepandishwa rafu ya juu. Alikitambua kwa alama za meno ya Lydia kwenye kifungo cha mkanda.

"Hiki kimewahi kupata ajali?" aliuliza.

Isakwisa alikuwa anachezea simu, hakuinua uso. "Hapana, mama. Kimetoka Japani hivi."

Akakishusha amwoneshe huyo mteja. Mikanda ikamzunguka kifuani, ikajifunga, na kiti kikatulia mgongoni.

Fundi Yonas aliikata mikanda kwa mashine ya kukatia chuma. Kabla hajaizima, ilikuwa imeota upya. Padre alimwomba Isakwisa akae benchi la nyuma asiwazibe wenzake. Mkewe alimshonea vijimto vya mabega. Kiti kilizidi uzito wa plastiki yake kwa kilo kumi na moja na nusu, sawasawa na kadi ya mwisho ya Lydia, na kila mwezi kiliongezeka kama mtoto anayekula vizuri. Adela akakifungulia kadi mpya. Mwezi ambao Isakwisa alikacha kliniki, kiti kililia dukani kutwa nzima mpaka akaja mbio.

Adela alifurahi, na hakuona haya kufurahi. Alimsimamisha juani. Alikitundika kiti kwenye ndoano ya mizani huku Isakwisa amesimama kwa ncha za vidole, wala Adela hakuwa na haraka ya kusoma.

Siku moja Isakwisa alipiga magoti, akapiga makofi taratibu kama wenyeji Wafipa wanavyomwamkia mkubwa, ingawa yeye ni mtu wa Mbeya.

"Nitue, Mama Lydia. Mgongo umekwisha."

"Simama mlangoni pa duka lako, uwaambie watu kwamba vile viti vingine navyo vimetoka kwenye ajali. Kitashuka chenyewe."

Isakwisa alifikiri. Rafuni vilibaki viti sita.

"Basi acha nikibebe," alisema, akanyanyuka kwa kushika ukuta.

Alhamisi hii, mbele yake kwenye foleni alikuwa Jenifer, msichana mwenye mtoto wa kwanza. Mtoto alikuwa amelala ndani ya kiti chekundu. Adela alimtoa, akakipindua kiti. Chini palikuwa na ufa uliojazwa gundi.

"Mwanangu, hiki kimepata ajali. Usikitumie."

"Nilimuuliza, sista, kasema hapana." Jenifer akageuka, akamwonesha Isakwisa kwa kidole. "Si yule pale? Mbona na yeye anacho, anakibeba kila mahali. Ndiyo maana nikamwamini. Na majirani zangu wote wamenunua kwake."

Isakwisa alirekebisha vijimto vya mabega. Nje mume wa Jenifer alipiga honi. Jenifer alishukuru, akamfunga mtoto ndani ya kiti chekundu, akakaza mkanda vizuri kabisa, akaondoka.

"Anayefuata," Adela alisema.

Kilo kumi na nne na nusu, bila plastiki. Lydia alikuwa anaendelea vizuri. Adela aliandika kwenye kadi, akaivuta mikanda mpaka Isakwisa akaguna, akamwambia mwezi ujao awahi.