Saa Iliyosema Mama Ni Mzima

Tangu Donatus aliporudi kutoka Mwanza na saa ya kisasa mkononi, Kharumwa nzima ilikosa amani. Saa ilimhesabia hatua, ikampima mapigo ya moyo, na kila asubuhi ikamwarifu kama amelala vizuri. Mdogo wake, Martina, hakuacha kushangaa: mtu mzima na ndevu zake anaamka, anauuliza mkono amelalaje.

"Hiki ni kionjo tu," Donatus aliwaambia wachimbaji waliomletea dhahabu dukani, mkono wa shati ukiwa umekunjwa makusudi. "Huko tuendako hata shati litakuwa na akili."

"Likipata akili, kaka, litakuwa la kwanza kukuhama," Martina alimjibu.

Wiki hiyo mama yao, Rebeka, akaanza kutetemeka. Alikataa uji, kisha akawa anamwita marehemu baba yao aje afunge zizi. Donatus alivua saa akamfungia mama kwenye kifundo cha mkono, akakodolea macho kioo.

"Mapigo mazuri. Hewa ya kutosha. Mama amechoka tu, apumzike."

Martina aliweka kiganja kwenye paji la uso wa mama. Lilikuwa kama kikaango.

"Kaka, washa gari. Mayu anaungua."

"Kiganja chako si kipimo, Martina. Dunia imeshatoka huko."

Martina alimzungushia mama kitenge, akamwita jirani yao Maduhu na bodaboda yake, wakamkalisha mgonjwa katikati, hao mpaka kituo cha afya. Njia nzima Martina alimkumbatia mama asianguke, akimlaani kaka yake kimoyomoyo kwa Kisukuma, maana Kiswahili hakikumtosha.

Malaria, tena kali, na sukari imeshuka. Muuguzi alisema wangechelewa kidogo tu wangekuta habari nyingine.

Jioni dripu ilikuwa imefanya kazi na mama anamtambua kila mtu. Donatus aliingia taratibu, akasimama miguuni pa kitanda. Ghafla saa ikatetemeka kwenye mkono wa mama.

"Inataka nini?" mama aliuliza kwa sauti ya kukwaruza.

Martina aliinama akasoma. "Inasema umekaa mno, mayu. Inuka utembee."

Mama alicheka mpaka akakohoa. Donatus hakucheka. Aliifungua saa ile mkononi mwa mama, akaifuta kwa shati, akaivaa.

Siku ya pili yake Martina alikuwa anapita dukani na chupa ya uji wa mgonjwa. Wachimbaji walikuwa wamemzunguka kaka yake, wakimpa pole.

"Ni hii hapa," Donatus alikuwa akisema, akigonga kioo kwa kidole. "Isingekuwa hii, mama tungemzika. Ndiyo iliyonishtua."

Martina alimtazama mpaka macho yao yakakutana. Donatus akayainamisha, akajifanya anaangalia saa.

"Pole ya mama mpeni Maduhu na bodaboda yake," Martina aliwaambia wachimbaji, akashika njia kabla uji haujapoa.