Kabla Mkwe Hajavua Shati

...na hapo ndipo shuka la sinema likabaki jeupe, vidole vya mkwe wangu kwenye picha vikiwa kwenye kifungo cha pili cha shati, Mzungu wa sinema ameingiza kichwa ndani ya lori anabadilisha mkanda, ngojeni kidogo, anasema Lazarus, msimulizi wao, kwenye kipaza sauti, huyu mjinga wetu sasa ataoga mtoni kama daktari alivyomwambia, na watu wa laini zote za nyumba za wachumaji wa shamba la chai wanacheka, wacheke tu, si mkwe wao, mama mkwe hapa ni mimi, Bochaberi niliyetoka Kisii juzi kwa miguu yangu... ataoga, na mtu haogi na nguo, likitoka shati suruali inafuata, mimi si mtoto, na kwetu mama mkwe hata mkono hampi mkwe wake, tukikutana njiani yeye anajitosa kwenye michai na mimi naangalia milimani mpaka apite, hiyo ndiyo ensoni, heshima yetu, halafu leo nikae hapa nimwone uchi, tena uchi mkubwa kama nyumba, nitarudi kwa wenzangu na uso gani... niondoke, niondoke sasa kabla mkanda haujaanza, furushi liko hapa miguuni, nililifunga mchana, nguo zangu na za Nyanchama na blanketi la mtoto wake, kwa maana nilikuja kumchukua binti yangu, kesho asubuhi twende naye nyumbani, sikumzaa aje akae na mwanamume aliyeacha kuchuma chai akafuata lori la sinema ili acheze mjinga mbele ya watu, kila kambi wamcheke, nani atamheshimu mtoto wa mjinga... na Nyanchama hakubisha, hilo ndilo linaloniuma, alisema tu,

“Mama, ukisimama nitakufuata. Lakini keti kwanza umwone.”

Nimwone, eti nimwone, huyo mwenyewe yuko pale ameshikilia mti wa shuka usianguke kwa upepo, amenipa mgongo tangu jua halijazama, mtoto wa watu adabu anayo, siwezi kusema hana... na Akeyo, jirani yao Mjaluo, ananichokoza na kiwiko, “Hiyo ni picha tu, Mama Nyanchama. Na macho haina pazia,” anasema, na kwao pia wana mambo yao ya wakwe, anajua vizuri, anafurahia tu kuniona nikitokwa jasho kwenye baridi hii ya Kericho... picha tu, lakini kama ni picha tu mbona nimemjua, hapana, si kumjua, ndio nimemwona leo, miaka minne ameoa kwangu na sijawahi kumtazama usoni, ningemtazamaje, namjua kwa kisogo na kwa kikohozi cha mlangoni, kumbe ana kovu juu ya jicho, kumbe akicheka shavu moja linatangulia, nimemwangalia mpaka nikashiba na yeye hakuniona, hakuna ensoni iliyovunjika hapo, au imevunjika, sijui, wazee hawakusema lolote juu ya sinema... na yule mtoto mgonjwa wa kwenye picha, Nyanchama aliniambia walimwazima kwa mama mmoja Mkipsigis kule Sigor, siku ya kupiga picha akalia hata mamake akashindwa kumnyamazisha, jua likaingia mawinguni, wakangoja, likatoka, akalia tena, na Mzungu anataka mjinga ambebe vibaya ili watu wapate funzo, na Lazarus hapa ametuambia, oneni anavyombeba ovyo, watu wote wakacheka, nami nikacheka, kisha nikanyamaza, kwa sababu nimelea saba mimi, niliuona ule mkono, mtoto amening'inizwa kweli kama gunia, miguu huku, nguo kule, lakini mkono wa kushoto umepita chini ya shingo, taratibu, umekishika kichwa, hakuna aliyemwambia afanye hivyo, aliambiwa ambebe ovyo akashindwa... baba yao kina Nyanchama, Mungu amlaze pema, hakuwahi kumbeba hata mmoja, alikuwa mtu wa heshima, hakuna aliyemcheka popote, na usiku watoto wakiwa na homa nilikuwa peke yangu na saba wangu, peke yangu kabisa, namchukia leo kwa hilo, nimekawia lakini namchukia, na binti yangu amepata mkono ule ndani ya nyumba yake na mimi nimekuja na kamba ya kufungia furushi... injini ya lori inanguruma, shuka bado jeupe, Lazarus anasema bado kidogo, Akeyo anauliza naenda ama nakaa, aniache, natafuta leso, leso yangu nzito ya kujifunika iko wapi, iko chini kabisa ndani ya furushi, fundo nililikaza mwenyewe kwa hasira na sasa vidole havifai, nasaidia na meno, limelegea, Nyanchama ananitazama gizani.

“Nikijifunika uso,” namwambia, “uniguse goti akishavaa. Sitaki yanipite yanayofuata.”

Ameinama kwenye furushi lililo wazi, anatoa gauni lake, anatoa blanketi la mtoto, analikunjua na kumfunika mtoto aliyelala kando yake.