Kadi ya Milioni Tisa

Mimi, Ummkulthum, ninahariri video za harusi hapa Jadida, mjini Wete. Kazi yangu ni sherehe za wanawake tu, zile ambazo mwanamume haruhusiwi kuziona. Kompyuta yangu ilikuwa ikichukua saa sita kutoa video moja, kwa hiyo nilihitaji kadi mpya ya picha. Ya shilingi milioni mbili ingenitosha.

Mdogo wangu Fahmi alisikitishwa sana na ufinyu wa fikra zangu. Akaleta jedwali. Kushoto kadi ya milioni mbili, kulia ya milioni tisa. Alikuwa ameigawa bei kwa idadi ya picha kwa sekunde, kwa joto, na kwa miaka ya kuishi. Yeye au kadi, hakufafanua.

"Kubwa itatoa video yako kwa dakika thelathini na moja."

"Na ndogo?"

"Arubaini."

"Kwa hiyo milioni saba ni za dakika tisa."

"Dada, wewe unatazama bei. Mimi natazama thamani."

Thamani yenyewe niliijua: michezo ya vita, aliyotaka kuicheza kila jioni nikishamaliza kazi. Mimi nitoe milioni mbili, yeye saba, kompyuta iwe yetu sote. Nilimwambia afikiri tena. Alifikiri siku nzima, kisha akauza kirikuu, kigari cha mizigo alichokuwa akichukulia samaki wa kuuza kijijini Tumbe.

Kadi ilifika, ikafungwa. Fahmi alicheza jioni mbili. Ya tatu, Bi Rahila alileta video za singo ya bintiye, siku bi harusi anaposuguliwa manukato, akamkuta shujaa wetu mbele ya kioo akiua maadui.

"Ummkulthum, harusi ya kina Mwanawema si imo humu?"

"Imefungwa kwa nywila, Bi Rahila," Fahmi alijibu kwa adabu. "Na kadi hii haihifadhi picha. Inazipitisha tu."

"Inazipitisha? Na wake za watu vichwa wazi?"

"Kwa kasi kubwa sana," alisema Fahmi, ambaye hawezi kuacha kuisifu.

"Basi nyanyuka, mwanangu. Ukikaa hapo tena, Wete nzima hapana atakayemletea dada yako harusi."

Nilihamishia kompyuta chumbani kwangu, nikafunga mlango. Jedwali lilikuwa limepima kila kitu, isipokuwa picha zilikuwa za nani.

Nilimshauri aiuze kadi. Talib, mwenye duka la kompyuta, alitaja milioni nne. Fahmi alisema mtu huyo hajui thamani.

Sasa Tumbe anakwenda kwa baiskeli. Akirudi, hukaa barazani, nje ya dirisha langu lililofungwa, mimi nikiwa kazini.

"Inafanya kazi?" aliuliza jana.

"Inafanya."

"Mbona sisikii feni?"

"Hata mimi siisikii."

"Unaona! Ile ya milioni mbili ingevuma mpaka barabarani."

Akasogeza sikio dirishani, ili asisikie vizuri zaidi.